Mwanamke Anayekoroma Apimwe, Asichekwe

Wiki iliyopita binti mmoja wa Morogoro aliniandikia. Ameniita anti na kuniomba nisimtaje jina, na sitamtaja. Anaolewa baada ya mfungo. Anakoroma. Wenzake aliopanga nao chumba walimrekodi amelala, wakaitupa ile sauti kwenye grupu la WhatsApp, na sasa anauogopa usiku wa harusi yake. Swali lake lilikuwa fupi: "Anti, dawa ya kukoroma ni ipi, nilimalize hili kabla sijaingia kwenye ndoa?"

Nilimjibu palepale, lakini baada ya kutuma nikaona jibu langu ni dogo kuliko jambo lenyewe. Ninyi mnaonisoma mmenizoea kwa habari za upishi wa shughuli: bei ya mchele, namna ya kumdai mwenye harusi, jinsi ya kupika pilau ya watu mia tano isishike chini. Najua mnachokitaka, kwa sababu ndicho nilichokitaka mimi. Mnataka biashara iwe na jina, watoto wasome, na mkifika umri wangu muwe mmesimama kwa miguu yenu. Kazi hiyo inataka mtu aliyelala akalala kweli. Kwa hiyo leo sufuria nimeziweka pembeni, nawaandikia habari za usingizi.

Nilianza kukoroma baada ya kumzaa mtoto wangu wa tatu. Kwetu Tanga kukoroma ni habari za wanaume. Baba akikoroma, watasema amechoka, anatafuta. Mama akikoroma, watu wanaangaliana. Nilipoanza kuambiwa nakoroma, nikajifunza kuwa wa mwisho kulala kila penye watu. Msibani, wenzangu wakishajinyoosha mikekani, mimi nipo nje nachochea kuni za chai ya alfajiri. Wakanisifu kwa uchapakazi, na sifa hizo ndizo zilizonijenga hadi watu wakaanza kuniita niwapikie kwa malipo. Lakini nilikuwa naukwepa mkeka.

Kwenye msiba wa baba mkwe mwili ulikataa. Nikalala katikati ya mawifi. Asubuhi, nikiosha vyombo uani, nikamsikia mmoja wao akimwambia mwenzake, "Kaka yetu anavumilia mengi." Wakacheka. Imepita miaka mingi. Wifi yule tumefaana kwa makubwa tangu hapo. Alinisimamia harusi ya binti yangu tangu sendofu hadi mwisho, na tulimuuguza mama mkwe kwa kupokezana zamu. Simdai chochote. Ila neno lile bado lipo, na leo nimelisema hadharani ili mjue kwamba ninapowaambia kicheko kinaumiza, sijahadithiwa.

Mume wangu hakuwahi kunicheka. Alihamia sebuleni polepole, kwanza akisema kuna mpira wa usiku anataka kuuangalia, kisha akahamisha na mto. Watoto wakazoea kumkuta kwenye kochi asubuhi. Sijui kama wanaume wanafahamu mke anavyolitazama kochi hilo. Kwa muda mrefu niliamini ndoa yangu inakwisha, na hatukuwa tumegombana hata siku moja.

Dawa nilizopewa mnazijua. Asali na tangawizi. Matone ya habasoda puani. Kulala na kitambaa kimefungwa kidevuni. Shangazi mmoja akataka nipelekwe Handeni kwa mzee mmoja nikakatwe kimeo. Hilo nililikataa, na nitalirudia huko chini, maana bado watu wanakatwa.

Sasa tulieni hapa, kwa sababu ndipo wengi mnapopishana na ugonjwa wenu wenyewe. Kulikuwa na mambo mengine yananipata ambayo hakuna mtu aliyeyaweka fungu moja na kukoroma. Nilikuwa naamka na kichwa kizito kinachouma hadi saa tatu asubuhi. Usiku natoka kwenda chooni tena na tena, nikapimwa mkojo, nikapimwa sukari, hawakuona kitu. Presha ilipanda, nikaanzishiwa dawa, ikapanda tena, nikaongezewa. Koo kavu kila alfajiri. Hasira za bure kwa wafanyakazi wangu. Na mchana nasinzia, popote pale, hata nikiwa nimesimama mbele ya jiko la mkaa, na mwenye akili atajua hiyo ni hatari ya namna gani.

Nilikuwa mweka hazina wa kikoba chetu. Siku ya kuhesabu hisa nilisinzia kalamu ikiwa mkononi, mbele ya sanduku lililo wazi. Hakuna aliyesema neno. Uchaguzi uliofuata wakamweka mwingine, mimi nikapewa ushauri, cheo kisicho na daftari wala ufunguo. Halafu kuna ofisi moja ya hapa Dar es Salaam iliyoniita kuzungumzia mkataba wa chakula cha mchana cha wafanyakazi wake. Nilikaa mapokezi nikisubiri kuitwa. Nikaja kuamshwa na mkoromo wangu mwenyewe, dada wa mapokezi amesimama mbele yangu, na wageni wawili wanaangalia pembeni. Mkataba ule sikuupata. Ungenitoa mahali pengine kabisa kimaisha, na hadi leo nikipita mbele ya jengo lile naangalia upande wa pili wa barabara.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Ni ukomo wa hedhi. Ni unene. Ni kazi nyingi. Ni jini, hasa nilipowaambia kwamba kuna usiku nakabwa na jinamizi.

Jinamizi nalitenga kwa makusudi, maana mnaniuliza sana. Katika ule usingizi wa ndoto, mwili huondolewa nguvu za misuli ili usiinuke ukatenda unachokiota. Pengine akili huamka kabla nguvu hazijarudi. Mtu anakiona chumba, anasikia sauti, lakini kidole hakiinuki, na kifuani anahisi amekaliwa. Hali hiyo huisha yenyewe baada ya sekunde au dakika chache. Huwapata zaidi watu waliokosa usingizi wa kutosha, na zaidi wakilala chali. Mimi nilikuwa nasoma dua zangu, na bado nazisoma kila usiku. Dua haijamkataza mtu kwenda hospitali.

Aliyeujua ugonjwa wangu ni daktari kijana, rika la mwanangu wa kwanza, kwenye kliniki ya presha. Nilikuwa kwenye dawa tatu na presha haisikii. Wengine wangeniandikia ya nne. Yeye akaweka kalamu chini akauliza, "Mama, unakoroma?"

Nikasema, kidogo.

Mume wangu alikuwa amenisindikiza. Akasema, "Anakoroma, halafu ananyamaza. Akinyamaza ndipo naogopa. Natoka sebuleni kwenda kumtikisa."

Nilikuwa sijui. Miaka yote ile niliyodhani amenikimbia, alikuwa analala sikio likiwa chumbani kwangu. Nililia mbele ya daktari, na sioni haya kuandika kwamba nililia. Yule kijana akanipa kitambaa, akamgeukia mume wangu akamwambia kwamba maneno yake yana thamani kuliko vipimo vyote vilivyo kwenye faili langu.

Nikapewa kifaa cha kulala nacho nyumbani: mkanda kifuani, kimrija chini ya pua, na kibano cha kidoleni kinachosoma oksijeni. Majibu yalisema pumzi yangu inakatika au kupungua mara 38 kwa saa moja, na oksijeni ilishuka hadi asilimia 76. Jueni mnachosoma mkipewa karatasi hiyo. Kila kukatika kunahesabiwa kukifika walau sekunde 10. Chini ya 5 kwa saa, upo salama. Kuanzia 5 hadi chini ya 15 ni hali ndogo, 15 hadi chini ya 30 ni ya kati, 30 na kuendelea ni kali. Ugonjwa wenyewe unaitwa apnia ya usingizi.

Daktari alinieleza hivi, na sijapata kuusikia ukielezwa vizuri zaidi. Tukilala, misuli ya koo na ulimi hulegea. Njia ya hewa ikiwa nyembamba, hewa hupita kwa kubanwa na kuzitikisa nyama laini za kaakaa na kimeo. Mtikisiko huo ndio mkoromo. Misuli ikizidi kulegea, kuta za koo hukutana, kama mrija laini wa juisi ukiunyonya kwa nguvu. Kifua kinavuta, hewa haiingii. Oksijeni inashuka. Ubongo unashtuka, unamwaga homoni zilezile za mtu anayekimbizwa, mgonjwa anakukuruka, anavuta hewa kwa kishindo, na usingizi unamchukua tena. Asubuhi hakumbuki kitu. Anajua tu kwamba amechoka.

Si kila anayekoroma ana apnia. Wapo wanaokoroma maisha yao yote na pumzi haikatiki. Na si lazima uwe mnene. Mwenye taya dogo, au mafindofindo makubwa, au pua iliyoziba kwa mzio, anaweza kuwa mwembamba na akapata. Dalili ya kuiogopa ni ule ukimya katikati ya mkoromo, hasa ukiambatana na usingizi wa mchana.

Baada ya maelezo hayo, mambo yangu yote yaliyokuwa yametawanyika yakakaa pamoja. Mtu mzima akilala vizuri, presha yake hushuka usiku kwa asilimia 10 hadi 20, na mishipa inapumzika. Yangu ilikuwa haishuki, kwa sababu usiku kucha mwili unapigiwa kengele ya hatari. Ndiyo maana miongoni mwa watu ambao presha yao haisikii dawa tatu, apnia ni ya kutafutwa mapema. Kichwa cha asubuhi kilitokana na hewa chafu ya kaboni inayobaki mwilini. Safari za chooni nazo zina sababu yake: kifua kinapovuta dhidi ya koo lililofunga, vyumba vya moyo hutanuka, moyo unadhani maji yamezidi mwilini, unatoa homoni inayoziamuru figo zikojoe. Sukari huvurugika kwa sababu homoni za mshtuko huifanya insulini isifanye kazi yake sawasawa. Moyo unaweza kuanza kudunda bila mpangilio, na kiharusi hakiko mbali na hapo. Kwa wanaume, nguvu za kiume nazo hupungua, na wengi wananunua dawa za barabarani wakati tatizo liko kooni.

Nawaambia haya kwa urefu kwa sababu tulivyo, mtu ana presha kliniki hii, ana sukari kliniki ile, ana usingizi wa mchana anaoita uvivu, na hakuna anayemuuliza analala vipi. Msisubiri kuulizwa. Semeni wenyewe.

Wala msidhani ni ugonjwa wa watu wachache. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalisema karibu watu bilioni moja duniani wenye umri wa miaka 30 hadi 69 wanao. Wataalamu wa Ufaransa na wa Ujerumani waliueleza tangu 1965. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo, mgonjwa aliyezidiwa tiba yake kubwa ilikuwa kutobolewa shingo ili apumulie chini ya koo. Ndipo mwaka 1981 daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, wakachapisha njia yao: mashine inayopuliza hewa puani kwa msukumo wa kutosha kulizuia koo lisijifunge. Mashine hiyo hospitalini wanaiita CPAP. Mimi naiita mashine ya hewa, na ndiyo ninayolala nayo.

Tuzungumze ukweli kuhusu mashine, maana wengi mmesikia na mmeogopa. Ni ghali. Bima yangu haikulipia. Nililipa kwa mgao tulipovunja kikoba, kikoba kilekile kilichoninyang'anya sanduku, na nilipohesabu noti zile niliona kama nimerudishiwa kitu. Wiki za kwanza ni ngumu. Barakoa inabana, pua inakauka, unahisi unapuliziwa na feni usoni. Nilianza kuivaa mchana nikiangalia tamthilia ili uso uizoee, kisha usiku. Maji ya kwenye kitanki chake weka yaliyosafishwa maalumu, au yaliyochemshwa yakapoa kama hayo huna, na kila asubuhi uyamwage. Barakoa ioshe kwa sabuni ya kawaida isiyo kali. Umeme ukikatika, mashine inazima, kwa hiyo nina betri na kigeuzi chake, vilevile ninavyotumia kwenye friji ya nyama za shughuli.

Wapo wanaoletewa mashine zilizotumika, na ndugu walioko Maskati au Uingereza wanatuma kwa nia njema. Pokeeni kwa tahadhari. Mwezi Juni 2021 kampuni ya Philips iliita irudishiwe mamilioni ya mashine zake kwa sababu sponji la ndani la kupunguza kelele lilikuwa linaweza kumomonyoka na vumbi lake kuvutwa na mgonjwa. Mashine za namna hiyo bado zinazunguka mikononi mwa watu. Angalia aina na namba yake kabla hujaifunga usoni, na muombe daktari aweke kipimo cha hewa kinachokufaa wewe, kisibaki cha mwenye mashine wa kwanza.

Matokeo yangu? Kichwa cha asubuhi kiliondoka kwanza. Safari za chooni zikapungua. Nikaanza tena kukumbuka hesabu bila daftari. Dawa moja ya presha daktari aliiondoa baadaye, mbili bado nameza, na sitaki mtu aache dawa kwa kunisoma mimi. Kwa wagonjwa wengi mashine hushusha presha kidogo tu. Mwaka 2016 ulitoka utafiti wa watu zaidi ya 2,700 waliokwisha kuugua moyo au mishipa ya ubongo, na mashine haikuonyesha kuwapunguzia mashambulio ya moyo wala viharusi. Lakini kwa wastani watu wale waliivaa saa 3.3 kwa usiku. Hata kwa muda huo mfupi, usingizi wa mchana ulipungua na furaha ya maisha ikaongezeka. Mimi naivaa usiku mzima. Na mume wangu amerudi chumbani. Kochi tumempa kijana wetu alipopanga Kinyerezi.

Mwaka uliofuata nilipata mkataba wa chakula wa shule moja kubwa, na ninaushika hadi leo. Siku ya mahojiano nilikaa mapokezi muda mrefu kuliko ule wa kwanza, nikiwa macho, nikisoma bei zangu mstari kwa mstari. Nililipwa kwa kilichonipotea, na nilikipata kwa jasho langu.

Sasa wewe binti, na wenzako wote mlioniandikia mkitaka dawa. Dawa ya kunywa ya kukoroma haipo, na anayekuuzia chupa mtandaoni anakula pesa yako. Kaa ujue unacho nini kwanza. Weka simu kando ya kitanda ikurekodi usiku, usikilize kama kuna ukimya kisha kishindo. Ile sauti waliyoisambaza wenzako kwa kukudhalilisha, ichukue, mpelekee daktari wa pua, koo na masikio, ni ushahidi. Kisha jipime usingizi wa mchana. Kuna maswali manane yaliyotungwa na daktari Murray Johns wa Melbourne mwaka 1991, yanatumika dunia nzima. Unajiuliza ungesinzia kiasi gani ukiwa unasoma, ukiangalia televisheni, ukikaa kimya kwenye mkutano, ukiwa abiria garini kwa saa nzima, ukijilaza alasiri, ukizungumza na mtu, ukikaa baada ya chakula cha mchana bila pombe, na ukiwa kwenye gari lililosimama kidogo foleni. Kila moja unajipa 0 hadi 3. Ukizidi 10 kwa jumla, nenda ukaonwe. Mimi nilipata 19.

Na mchumba wako mwambie. Mwambie sasa, kabla ya ndoa, kwa sauti ya mtu anayetaja kundi lake la damu. Mwanaume atakayekuacha kwa pumzi zako alikuwa anatafuta mlango. Anayekufaa atataka kujua akutikise wakati gani.

Ukishika mimba, usinyamaze. Mkoromo ulioanza au kuzidi wakati wa ujauzito huambatana mara nyingi na presha ya mimba, na kutoka hapo hadi kifafa cha mimba si mbali. Mwambie mkunga kliniki, hata asipouliza. Sisi wanawake ugonjwa huu unatupita bila kuonekana kwa sababu mara nyingi hatukoromi kwa kishindo kama wanaume. Tunalalamika uchovu, kukosa usingizi, moyo kuwa mzito, tunaambiwa ni mawazo. Na baada ya ukomo wa hedhi hatari inapanda, kwa kuwa homoni zilizokuwa zinasaidia misuli ya koo zimepungua. Dada mwenye miaka hamsini anayeambiwa "ni umri tu", apimwe.

Kimeo msikate. Nasema tena, msikate. Mnakwenda kwa mtu mwenye kisu kisichojulikana kimemkata nani kabla yenu. Watu wamevuja damu, wamepata pepopunda, wameambukizwa. Na koo linaweza kuendelea kujifunga kimeo kikiwa hakipo, kwa sababu nyuma ya ulimi ndipo wengi linapozibia. Vidonge vya usingizi msijinunulie, vinalegeza misuli ambayo tayari imelegea, na pombe ya usiku inafanya vivyo hivyo kwa wanaokunywa. Laleni ubavu. Pua inayoziba kwa vumbi na mzio itibiwe. Uzito upungue, na hapa nasema kama mpishi ninayeonja sufuria saa sita usiku: utafiti wa Wisconsin, Marekani, uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba kupunguza asilimia 10 ya uzito huendana na kupungua kwa ukatikaji wa pumzi kwa takriban asilimia 26. Kuna sindano ya kupunguza uzito, tirzepatide, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2024 kwa wenye unene na apnia ya kati au kali. Hiyo ni ya kuandikiwa na daktari. Za kwenye mitandao hujui ndani kuna nini.

Ukienda kufanyiwa upasuaji wowote, hata wa uzazi, mwambie daktari wa nusu kaputi kwamba unakoroma na pumzi hukatika. Dawa zao hulegeza koo kuliko usingizi wowote, na akijua mapema atajipanga.

Wenye waume au wana madereva, ninyi mna jukumu la ziada. Tangu 2023 mabasi yetu yanasafiri usiku tena, malori hayakuwahi kuacha. Mtu ambaye usiku wake umekatwakatwa akishika usukani alfajiri anaweza kusinzia kwa sekunde chache macho yakiwa wazi, na basi lililo kasi linakwenda mbali kwa sekunde hizo. Dereva wangu wa gari la vyombo nilimpeleka mwenyewe akapimwe, kwa pesa yangu, alipoanza kusinzia kwenye foleni ya Ubungo. Alinuna. Sasa ana mashine na bado ananiendeshea.

Na watoto. Mtoto kukoroma kila usiku si kitu cha kufurahia kwamba amelala fofofo. Mtoto halali mdomo wazi bila sababu. Mara nyingi ni mafindofindo au nyama za puani zimeziba njia, na yeye, tofauti na mtu mzima, mchana hasinzii sana. Anakuwa mkorofi, hatulii darasani, alama zinashuka, au anarudi kukojoa kitandani baada ya kuacha. Anachapwa kwa hayo yote. Mjukuu wangu alichapwa shuleni kwa kutotulia hadi mama yake akaja kwangu analia, nikalala na mtoto usiku mmoja na kusikia kile nilichokuwa namsikilizisha mume wangu. Alitolewa mafindofindo na nyama za puani, na kwa watoto wengi huo ndio huwa msingi wa tiba. Ukimpeleka, usitegemee maneno. Mrekodi kwa simu akiwa amelala, umemvua fulana, taa ya kutosha, kifua na shingo vionekane pamoja na mdomo, dakika mbili tatu zenye ukimya ule ndani yake, na ukiingia kwa daktari mwonyeshe hiyo kwanza kabla hujakaa kitini.